Mazoezi Yaandikwe Kwenye Cheti

Mgonjwa wa kiharusi, wa moyo au wa saratani anaporuhusiwa kurudi nyumbani hutoka na cheti cha dawa. Kila dawa imeandikiwa kiasi chake: kidonge kimoja kutwa mara mbili, baada ya chakula, kwa siku thelathini, kisha arudi kliniki. Halafu, daktari akiwa amekwisha kuvuta faili la mgonjwa anayefuata, husikika neno la mwisho: "Na ujitahidi kufanya mazoezi." Mazoezi yapi, kwa dakika ngapi, mara ngapi kwa wiki, na kifua kikibana afanye nini, hakuna aliyeandika. Nyumbani anapokelewa na ushauri wa pili, nao umejaa upendo: "Pumzika, usijichoshe, sisi tupo." Ushauri huu wa nyumbani ndio unaoshinda, kwa sababu unaeleweka na una watu wa kuusimamia. Hoja yangu jioni hii ni kwamba mazoezi ya mtu anayepona ugonjwa mzito ni tiba kamili. Na kama ni tiba, yanadai kila kinachodaiwa na tiba: kiasi, wakati, msimamizi, na tahadhari ya madhara. Yakikosa hayo hatujamtibu mtu, tumempa nasaha.

Tusiwalaumu upesi wanaosema "pumzika." Hawakulizua jambo hilo, madaktari wenyewe walilifundisha kwa vizazi. Hadi miaka ya 1940 mtu aliyepata mshtuko wa moyo huko Ulaya na Marekani alilazwa chali kwa wiki nne hadi sita, akilishwa na kugeuzwa, kwa hofu kwamba moyo uliojeruhiwa ungepasuka akijisogeza. Mwaka 1947 daktari Mwingereza Richard Asher aliandika makala kali juu ya hatari za kitanda, na mwaka 1952 Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston wakaeleza jinsi walivyowakalisha wagonjwa wao wa moyo kwenye kiti katika siku za mwanzo za ugonjwa, jambo lililowashtua wenzao. Mioyo haikupasuka. Halafu mwaka 1966, kule Dallas, watafiti waliwaomba vijana watano wenye afya, wenye umri wa miaka ishirini hivi, walale kitandani wiki tatu. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kutumia hewa ya oksijeni wakati wa kazi ngumu ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Miaka thelathini baadaye watu walewale watano walipimwa tena, wakiwa wanaume wa makamo wenye vitambi, na ikaonekana kwamba zile wiki tatu za kitanda zilikuwa zimewapunguzia nguvu kuliko miaka thelathini ya kuzeeka. Watu watano ni wachache mno kujengea kanuni, nakubali. Lakini mwaka 1999 jarida la Lancet lilichapisha mapitio ya majaribio 39 ya kulala kitandani kama tiba, yaliyohusu maradhi na taratibu 15 tofauti na wagonjwa 5,777. Hakuna kipimo hata kimoja kilichoonyesha nafuu ya maana kwa sababu ya kitanda, na vipimo kadhaa vilionyesha hali kuwa mbaya zaidi.

Sababu zake hazina fumbo. Msuli usiotumika husinyaa ndani ya siku chache. Damu ya miguuni hutuama na inaweza kuganda, na donge likipanda hadi mapafuni linaua. Makohozi yasipotikiswa huzaa nimonia. Ngozi ya makalio na visigino, ikigandamizwa saa nyingi, hufa na kufanya kidonda ambacho familia nyingi zinakifahamu kwa harufu yake kabla ya kukiona. Mgonjwa kama huyo akifa, msibani husemwa kwamba kiharusi kimemmaliza, kumbe mara nyingine kilichommaliza ni kitanda.

Basi kitanda kina madhara. Lakini kuthibitisha kwamba kulala kunadhuru si kuthibitisha kwamba mazoezi yanaponya, na hapa ndipo wasikilizaji makini wana haki ya kudai ushahidi. Kwa miaka mingi ushahidi wa upande wa saratani ulikuwa wa kuangalia tu: watafiti waliona kwamba waliopona saratani na wanaotembea sana huishi zaidi kuliko wasiotembea. Pingamizi lake liko wazi, na ni la haki. Anayetembea pengine anatembea kwa sababu ugonjwa wake ni mwepesi, na aliyelala amelala kwa sababu unammaliza. Nani basi aseme kipi kimesababisha kipi? Njia ya kukata shauri hili ni moja, kuwagawa wagonjwa kwa kura, bila kuangalia nani ana nguvu na nani hana, kisha kusubiri miaka.

Kazi hiyo imefanyika. Jaribio liitwalo CHALLENGE lilianza kuandikisha wagonjwa mwaka 2009, na matokeo yake yakatolewa katikati ya mwaka 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine. Wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, waliokwisha kufanyiwa upasuaji na kumaliza tibakemikali, waligawanywa kwa kura katika vituo 55, vingi vikiwa Kanada na Australia. Kundi moja lilipewa mpango wa mazoezi wa miaka mitatu pamoja na mtaalamu wa kuwafuatilia. Lengo halikuwa kuwageuza wanariadha. Kwa wengi lilifikiwa kwa kuongeza mwendo wa haraka wa dakika 45 hadi saa nzima, mara tatu au nne kwa wiki. Baada ya miaka mitano, asilimia 80.3 ya kundi hilo walikuwa hai bila saratani kurudi na bila saratani mpya, dhidi ya asilimia 73.9 ya kundi la pili. Baada ya miaka minane waliokuwa hai walikuwa asilimia 90.3 dhidi ya 83.2. Katika fani ya saratani, zipo dawa za bei ya kutisha zinazosherehekewa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Ningependa tukae kidogo kwenye jambo ambalo magazeti mengi yalilipita haraka. Kundi la pili, lile lililofanya vibaya zaidi, halikuachwa mikono mitupu. Nalo lilipewa vijitabu vya elimu ya afya vinavyohimiza lishe bora na kuushughulisha mwili. Yaani lilipewa kile ambacho hospitali zetu, zikijitahidi sana, huwapa wagonjwa wao. Kwa hiyo tofauti ya asilimia saba ya uhai haikuwa kati ya mazoezi na kutojua habari za mazoezi. Ilikuwa kati ya mtu aliyeambiwa na mtu aliyeshikwa mkono: aliyepimwa, akapangiwa, akaitwa tena kila baada ya muda kuulizwa imekuwaje, akabadilishiwa mpango ulipomshinda. Ninayesema naye leo akikumbuka jambo moja tu, naomba liwe hilo.

Jaribio hilo lina mipaka yake. Ni saratani moja, iliyokwisha kukatwa, si saratani zote wala si zile zilizosambaa. Waliokubali kushiriki walikuwa watu wenye uwezo wa kutembea na hamu ya kujaribu. Na mazoezi yalikuwa na madhara, kama dawa yoyote: maumivu na majeraha ya misuli, mifupa na viungo yaliwapata asilimia 18.5 ya waliofanya mazoezi, dhidi ya 11.5 ya wenzao. Kwangu mimi takwimu hiyo ya mwisho inaipa hoja nguvu. Kitu chenye kiasi, faida na madhara yanayopimika ndicho tunachokiita tiba, na tiba haitolewi kwa kusema "ujitahidi."

Upande wa kiharusi unaonyesha kwamba kiasi na wakati vinaweza kubadili faida kuwa hasara. Jaribio la AVERT, lililochapishwa mwaka 2015, lilihusisha wagonjwa 2,104 wa kiharusi katika nchi tano. Nusu yao walianza kuinuliwa kitandani ndani ya saa 24, wakasimamishwa na kutembezwa mara nyingi zaidi kuliko kawaida. Wengi walitarajia ushindi. Ikawa kinyume: baada ya miezi mitatu, waliofikia hali nzuri katika kundi la haraka na nguvu walikuwa asilimia 46, na katika kundi la huduma ya kawaida walikuwa asilimia 50. Ubongo uliojeruhiwa saa chache zilizopita hauhitaji pupa. Sasa linganisha na jaribio la EXCITE la Marekani, la mwaka 2006, lililowachukua watu 222 waliopata kiharusi kati ya miezi mitatu na tisa iliyotangulia. Mkono mzima ulivishwa glovu nene kwa sehemu kubwa ya saa za kuwa macho, wiki mbili mfululizo, ili ule mkono dhaifu ulazimike kushika, kufungua na kubeba, huku mtaalamu akiusimamia saa nyingi kila siku. Matumizi ya mkono dhaifu yaliongezeka, na nafuu hiyo ilionekana hata mwaka mmoja baadaye. Ubongo hujifunza upya kwa kurudia, lakini kurudia kwenyewe kuna saa yake. Majirani wanaomwinua mgonjwa kwa makwapa siku ile ile ya kiharusi, na majirani wanaomwachia mkono wake uning'inie mwaka mzima, wamekosea dawa moja: wa kwanza wamezidisha, wa pili hawakutoa.

Kwa moyo sitatumia muda mwingi, maana shauri limekwisha kukatwa. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2021, yaliyokusanya majaribio 85 na wagonjwa 23,430 wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, yalionyesha kwamba programu za mazoezi hupunguza mshtuko wa pili na kurudishwa hospitali. Siku hizi moyo unapasuliwa na mishipa inazibuliwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kazi ambayo zamani ilimlazimu mgonjwa kupanda ndege kwenda India. Hiyo ni fahari. Swali lililobaki ni la miezi sita inayofuata, mgonjwa akiwa Mbagala au Singida.

Yupo atakayeniambia kwamba watu wetu hawana shida ya mazoezi: wanalima, wanachota maji, wanapanda ngazi za masoko wakiwa na mizigo. Hoja hii nzuri huzimwa na jaribio moja dogo. Kwa miaka mingi wanawake waliokatwa titi na matezi ya kwapani kwa sababu ya saratani waliambiwa wasibebe kitu kizito kwa mkono wa upande ule, usije ukavimba. Mwaka 2009 utafiti wa Marekani uliowahusu wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imekwisha kuvimba uligundua kwamba kunyanyua vyuma mara mbili kwa wiki hakukuzidisha uvimbe, na hata kulipunguza vipindi vya uvimbe kuzidi. Je, basi mwanamke huyo akatwishwe ndoo? La. Wale wanawake walianza na uzito mdogo sana, ukaongezwa kidogo kidogo, mkono ukivishwa soksi maalumu ya kubana, na dalili zikijitokeza mzigo unapunguzwa. Ndoo ya lita ishirini haipungui kwa sababu mkono umevimba, na shamba halisubiri damu iongezeke. Kazi ngumu hupangwa na shida, mazoezi ya tiba hupangwa na hali ya mwili wa mgonjwa. Kumwambia mgonjwa kwamba kazi za nyumbani zinatosha ni sawa na kumwambia achovye kidole kwenye chupa ya dawa na kulamba, siku nyingine atapata kidogo na siku nyingine atajidhuru.

Pingamizi zito zaidi ni la uchovu. Mgonjwa wa saratani akisema amechoka hazungumzii uchovu wa kushinda kazini. Ni uchovu usiokwisha kwa usingizi, na mtu mwenye afya anayemwambia "inuka utembee" huonekana katili. Hata hivyo, mapitio ya majaribio 113 yaliyochapishwa mwaka 2017, yenye wagonjwa zaidi ya 11,000, yalikuta kwamba kwa uchovu huo mazoezi na tiba za kisaikolojia hufanya vizuri kuliko vidonge. Lakini si kila uchovu ni huo. Uko ugonjwa wa uchovu sugu ambao mgonjwa akijikaza leo huanguka kesho na keshokutwa, na baadhi ya waliobaki na dalili za muda mrefu baada ya UVIKO wana hali hiyo. Uingereza, kupitia taasisi yake ya miongozo ya tiba, NICE, iliacha mwaka 2021 kupendekeza mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba kwa wagonjwa wa uchovu huo sugu, baada ya miaka ya malalamiko yao. Vilevile mwenye saratani iliyofika kwenye mifupa, mwenye homa katikati ya tibakemikali, mwenye damu iliyopungua sana au mwenye maumivu ya kifua akiwa ametulia, hana budi kuonwa na daktari kwanza. Watangazaji wa mitandaoni wanaohubiri kwamba mazoezi ni dawa ya kila kitu wanaidhuru hoja hii kuliko wavivu.

Madai ya kuponya kila kitu yanatufikisha kwenye tiba saidizi, yaani kuchua, yoga, sindano za Kichina, vikundi vya wagonjwa, maombi na ushauri nasaha. Kipimo kiwe kilekile: inafanya nini hasa? Mwaka 1989 daktari wa magonjwa ya akili David Spiegel na wenzake walitangaza kwamba wanawake wenye saratani ya titi iliyosambaa waliohudhuria vikundi vya kusaidiana waliishi karibu mara mbili ya wenzao. Dunia ilisisimka. Wengine walirudia, na mwaka 2001 jaribio kubwa zaidi la Kanada halikuona nyongeza yoyote ya maisha. Mwaka 2007 Spiegel mwenyewe alichapisha marudio yake, naye kwa ujumla hakuiona, na kuichapisha kulihitaji uungwana. Ila jaribio la Kanada lilionyesha kwamba vikundi vilipunguza huzuni na maumivu, hasa kwa waliokuwa na dhiki kubwa tangu mwanzo. Je, hilo ni dogo? Kwa anayelala bila usingizi si dogo hata kidogo. Kikundi kiitwe kiliwazo na kithaminiwe kwa hilo. Matatizo huanza kiliwazo kinapopewa kazi ya upasuaji. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 uliwafuatilia watu 281 waliochagua tiba mbadala peke yake kwa saratani ambayo ilikuwa bado inatibika, na hatari yao ya kufa ilikuwa mara mbili na nusu ya waliotibiwa hospitali. Mchuaji mwenye mikono mizuri anaweza kulegeza bega lililokakamaa baada ya kiharusi, na simkatazi mtu kumwita. Anayesema mafuta yake yatazibua mshipa wa ubongo, huyo aonyeshwe mlango.

Nimeliacha mwisho pingamizi la fedha, kwa sababu ndilo lililo kweli zaidi. Wataalamu wa fiziotherapia ni wachache. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya nusu ya wanaohitaji huduma za utengamao hawazipati. Na mahitaji si madogo: utafiti uliofanywa Hai na Dar es Salaam, ukachapishwa mwaka 2010, ulikuta viwango vya kiharusi, baada ya kusawazisha umri, vya watu wapatao 109 kwa kila 100,000 kwa mwaka kule Hai na 316 Dar es Salaam, kiwango ambacho ni miongoni mwa vya juu vilivyowahi kupimwa popote. Jibu rahisi ni kusema kwamba familia zetu ni kubwa, basi zifundishwe, kazi iishe. Nilitamani jibu hilo liwe kweli. India ilikwisha kulijaribu: wagonjwa 1,250 wa kiharusi katika hospitali 14, nusu yao wakihudumiwa nyumbani na ndugu waliofundishwa mazoezi kabla ya kuruhusiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Baada ya miezi sita, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 katika kundi lile na asilimia 47 katika kundi la kawaida. Mapenzi ya ndugu, pamoja na mafunzo ya siku chache, hayakuziba nafasi ya mtaalamu.

Kwa hiyo fedha zitatakiwa, na ni afadhali tuseme hivyo hadharani kuliko kuwatupia mzigo mabinti na wakwe wa wagonjwa. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na Kenya ikapitisha sheria yake ya bima ya afya ya jamii mwaka huohuo. Vitita vya mafao bado vinavutaniwa, kila fani ikitaka kipimo chake na dawa yake viingie. Wanaokaa katika vikao hivyo waulizwe jambo mahususi: mgonjwa aliyelipiwa upasuaji wa moyo, au mizunguko ya tibakemikali, atalipiwa vipindi vingapi vya mtaalamu wa mazoezi katika miezi ya kwanza baada ya kutoka wodini? Na wakati tukisubiri jibu, kuna lisilongoja bajeti. Daktari anaweza kuandika kwenye cheti, chini ya vidonge: kutembea dakika kumi, mara mbili kwa siku, mwendo wa kumwezesha kuzungumza lakini si kuimba, aongeze dakika mbili kila wiki, asimame kifua kikibana au kizunguzungu kikija, arudi baada ya wiki nne tuone amefika wapi. Dakika hizo ni za mfano, kila mgonjwa na zake. Kuziandika kunachukua muda uleule wa kuandika jina la dawa.